Milango Iliyosubiri Shikamoo

Hapo kale, yaani juzijuzi tu, kabla sukari haijapanda bei kwa mara ya pili, palikuwa na nchi iliyoongozwa vizuri mno. Jina lake silitaji. Silitaji kwa heshima, na kidogo kwa woga. Ukidhani umeitambua, basi umekosea ndugu yangu, hiyo uliyoifikiria ni nyingine.

Niseme mapema ili tusije tukagombana mbele ya safari: mimi, Rukia Mwinjuma, sina wivu. Uliza mtaani kwetu. Watakwambia Bi. Rukia akiona mwenzake kapata, hufurahi mpaka chakula hakimpiti kooni.

Nilikuwa mwandishi wa programu katika Wizara ya Mashine na Maadili. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Kompyuta ni kama msichana wa kazi aliyefika leo kutoka kwao: hafanyi kitu mpaka umwambie, na ukimwambia vibaya anakosea kwa bidii zote. Sisi tulikuwa tunaiambia kwa lugha moja iliyoitwa Sawasawa. Katika Sawasawa, "kama" ilikuwa "kama", "halafu" ilikuwa "halafu", na "acha" maana yake acha. Programu niliyoiandika mimi, mwenzangu yeyote angeweza kuisoma, akaona nilipoharibu, akacheka. Ndiyo maana hakuna aliyeipenda.

Basi ikawa siku ya kuadhimisha Mapinduzi ya Tatu, kwa kuwa yale mawili ya mwanzo hayakufana. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa akapanda jukwaani. Alikuwa amevaa kofia mbili, moja ya kiraia na juu yake moja ya jeshi.

"Wananchi!" akanguruma. "Nani aliyesema 'kama' lazima iwe 'kama'? Mlimpigia kura lini? Alikuja kwenu kujinadi? Mkoloni alitunyima hata uhuru wa kuweka nukta! Kuanzia leo, kila mwandishi wa programu ni huru kuitengeneza lugha ya kompyuta apendavyo. Maneno yake, mpangilio wake, nukta zake! Akitaka aanzie mwisho, aanzie mwisho! Ni nani atakayemzuia?"

Hakuna aliyejitokeza kumzuia. Tulipiga makofi, na polisi walipita katikati yetu wakipiga makofi kwa nguvu zaidi, kuwaonyesha wenye makofi malegevu namna inavyofanywa. Bibi mmoja jirani yangu aliniuliza kompyuta ni nini. Nikamwambia ni uhuru. Akatoa kigelegele.

*

Jamani, uhuru mtamu! Kwa wiki kadhaa Wizara ilikuwa kama jiko la shughuli, kila mtu na mwiko wake.

Bwana Chaurembo wa Idara ya Itifaki alitengeneza lugha ambayo kila mstari huanza kwa kumsifu Mheshimiwa Mlezi. Programu yake ya kujumlisha mbili na mbili ilijaza kompyuta nzima kwa sifa, na ilipofika kwenye jibu nafasi ikawa imekwisha. Alipewa nishani. Wizara ya Fedha ililifuta kabisa neno "toa", kwa maelezo kwamba ni neno la kukatisha tamaa, na badala yake wakaweka "hifadhi kwingine". Watu wa reli waliandika programu zao kwa mtindo wa wimbo wenye kiitikio. Treni haiondoki mpaka kiitikio kiishe, na aliyekitunga alipenda kukirudia.

Kuna waliouliza, kwa sauti ya chini, sasa nani ataweza kusoma kazi ya mwenzake. Serikali haikulala. Iliunda Idara ya Wakalimani wa Programu, ikaajiri wapwa na mashemeji wa watu wanaoaminika. Ukiwapelekea programu wanaitazama, wanatikisa kichwa, wanasema, "Hii nzuri." Mpaka leo hawajawahi kukutana na mbaya.

Sasa nifike kwa Bahiya.

Bahiya Kombo na mimi tumesoma darasa moja, tumeajiriwa pamoja, tumekaa meza zinazogusana. Mwaka wa kuzaliwa ni mmoja. Ana meno mazuri. Nasema ukweli, sina sababu ya kuficha, ana meno mazuri na anayaonyesha hata pasipo na kichekesho. Huyu Bahiya, wakati sisi wengine tunapambapamba tu, aliona jambo lililokuwa mbele ya pua zetu wote. Kompyuta hazisalimiani! Programu moja inaiendea nyingine kavukavu, "Nipe namba," na ile nyingine inatoa namba, hata habari za asubuhi hakuna. Katika nchi ya watu waliolelewa na mama zao!

Basi akatunga Lugha ya Adabu. Humo kila programu inapewa umri. Mbili zikikutana, ndogo inaanza: "Shikamoo." Kubwa inaitikia: "Marahaba." Hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Programu isiyoamkiwa na mdogo wake haisikii kitu, hata uipigie kelele.

Siku alipoionyesha Ikulu, kompyuta moja ilisema shikamoo na nyingine ikasema marahaba kwa sauti ya babu. Mheshimiwa Mlezi alilia. Waziri wetu, Mheshimiwa Kandumbwa, alimfuta machozi kwa tai yake mwenyewe. Hapohapo ikatolewa amri kwamba mitambo yote muhimu ya taifa itumie adabu ya Bahiya, kila mwandishi kwa maneno yake mwenyewe, maana uhuru uko palepale.

Bahiya akapewa chumba cha peke yake. Akapewa zulia, kiti chenye mikono, kiyoyozi, na mhudumu wa kumletea chai, tena anapiga magoti kidogo anapoiweka mezani. Mimi nilibaki na feni iliyokuwa inazunguka ikijisikia. Nilipopita mlangoni kwa Bahiya ule ubaridi ulitoka chini ya mlango ukanigusa vidole vya miguu, na roho ikanisokota mpaka nikashika ukuta. Naomba nieleweke. Ilinisokota kwa ajili ya taifa. Umeme ni ghali.

*

Sasa bwawa.

Juu ya mji wetu kuna Bwawa la Mlezi, na chini yake kuna mtaa wa Bondeni. Bondeni ndipo anapokaa mama yangu mzazi, Bi. Mize, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Nimemwambia mara ngapi ahame, hataki. Anasema hawezi kuwaachia majirani sufuria zake.

Pale bwawani palikuwa na programu mbili. Moja iliitwa Kipimo, kazi yake kuangalia maji yamefika wapi. Nyingine iliitwa Milango, kazi yake kufungua milango ya bwawa, maji yashuke baharini kwa mfereji wake, ikiambiwa na Kipimo kwamba yamezidi. Zamani milango ilifunguliwa kwa gurudumu la mkono, lakini tulipoingia kwenye usasa gurudumu liling'olewa, likapakwa rangi ya dhahabu, likatundikwa Ikulu kama pambo. Kipimo kiliandikwa na Bahiya. Milango niliiandika mimi.

Nilipofungua orodha ya umri nikakuta Bahiya amekipa Kipimo chake umri wa miaka hamsini. Hamsini! Yaani Milango yangu, yenye chuma cha tani kadhaa, ikiamkie kibati cha kupimia maji? Ng'o.

Mnijue vizuri. Sokoni, kijana wa nyanya akinipa shikamoo namwuliza, "Wee, mimi shangazi yako? Unizeeshe kwa nyanya za kuoza hizi?" Lakini siku ile, kwa mkono wangu, nikaipa Milango miaka sitini. Kesho yake Kipimo kilikuwa na sabini. Nikaipa Milango themanini na tano. Bahiya akapita mezani kwangu akitafuna karanga, akasema kwa ile sauti yake ya asali, "Mwenzangu, nasikia Milango imekula chumvi."

"Imekula kweli," nikasema. "Kipimo kingekuwa na adabu kingekuja kuomba radhi."

"Kipimo kimetimiza mia leo asubuhi. Hukupata habari?"

Wenzetu ofisini waliacha kazi, wakatutazama kama watu wanaotazama fainali. Mpaka mwisho wa wiki Milango ilikuwa imeshuhudia safina ya Nuhu ikipita, na Kipimo kilikuwa kimemsaidia Nuhu kuchonga mbao.

Habari zikamfikia Waziri Kandumbwa. Alituita, akatupa hotuba tumesimama.

"Mabibi, umri ni rasilimali ya taifa, na kama rasilimali nyingine zote haiwezi kuachwa mikononi mwa watu wa kawaida. Kuanzia leo ni marufuku programu yoyote kuwa na umri unaozidi wa Mheshimiwa Mlezi."

Mheshimiwa Mlezi ana miaka sabini. Alikuwa na sabini nilipokuwa sekondari na anayo mpaka leo, afya njema. Basi sote tukashuka mpaka sabini, wala hakuna aliyekubali kushuka hata siku moja chini ya hapo. Milango sabini, Kipimo sabini.

Lakini mimi si mjinga. Kwa maneno yangu mwenyewe, ambayo hakuna mwingine duniani awezaye kuyasoma, nikaongeza ndani ya Milango: anayelingana nami aniamkie yeye kwanza. Nikajipongeza. Nikajinunulia soda. Nilidhani katika jengo lile mwenye akili ya namna hiyo ni mimi peke yangu.

Wakalimani wakaitazama Milango, wakatikisa vichwa, wakasema hii nzuri. Wakakitazama na Kipimo, wakasema kizuri nacho.

*

Masika ikaja. Na ikaja kwelikweli, mvua ya kung'oa mapaa. Maji yakapanda bwawani yakafika kwenye mstari mwekundu. Kipimo kikayaona. Kikajua. Kikanyamaza, kikasubiri Milango iamkie. Milango nayo ikasimama imejifunga, ikasubiri Kipimo kiamkie. Maji yakaupita mstari, yakaanza kumwagika juu ya ukingo kuelekea Bondeni.

Sisi tuliitwa chumba cha mitambo, mimi na Bahiya, kila mmoja mbele ya kompyuta yake, na kati yetu kioo kimoja kikubwa kinachoonyesha bwawa. Waziri Kandumbwa akafika chini ya mwavuli alioshikiwa na mtu mwingine aliyelowa chapachapa. Nyuma yake mwanasheria wa Wizara, na nyuma ya mwanasheria waandishi wa habari.

"Mabibi," akasema Waziri, "nimearifiwa kwamba milango imegoma."

"Haijagoma, Mheshimiwa," Bahiya akajibu. "Inasubiri kuamkiwa."

"Na Kipimo?"

"Nacho kinasubiri," nikasema mimi.

"Kinasubiri nini?"

"Kuamkiwa, Mheshimiwa."

Waziri akafikiri, uso ukamnyooka. Akawageukia waandishi wa habari. "Nawahakikishia wananchi kwamba hakuna tatizo lolote la kiufundi. Mitambo yetu inafanya kazi kwa adabu ya kiwango cha juu kabisa. Nawaomba wakazi wa Bondeni waige subira ya mitambo."

Waandishi walipotoka nje, akatushika mikono. "Mmoja wenu aandike shikamoo. Mstari mmoja tu, wazazi wangu. Mmoja wenu!"

"Aandike yeye," tukasema wote.

Mwanasheria akakohoa. "Kuna utata, Mheshimiwa. Programu zote mbili zina umri wa Mheshimiwa Mlezi. Ile itakayoamkia kwanza itakuwa imeushusha umri wa Mheshimiwa Mlezi mbele ya kitu kingine. Kifungu kinasema kifungo."

Nikafurahi, astaghfirullah. Nikapata kisingizio chenye muhuri.

Simu yangu ikaita. Ilikuwa mama.

"Rukia, maji yameingia jikoni."

"Toka, mama! Panda mlimani!"

"Nitoke nipite wapi? Njia imekuwa mto. Nimepanda juu ya meza. Fungueni hiyo milango yenu."

"Tunashughulikia, mama. Kuna mambo ya kiofisi."

"Mambo gani?"

Nikaibana simu kati ya sikio na bega, nikamweleza kwa sauti ya chini. Nikasikia sufuria zikigongana majini.

"Basi si uamkie tu, mwanangu?"

"Mama, yeye ndiye anayetakiwa kuanza."

"Yeye nani?"

"Bahiya."

"Rukia! Heshima si utumwa. Huyo mwenzio umeanza naye shule mmeshikana mikono!"

Bahiya alikuwa anasikia. Akageuza kiti. "Mimi nitaandika, Rukia. Lakini kiri kwanza kwamba Kipimo ndicho kilichotangulia. Lugha ya Adabu ni yangu. Ningekuwa sikuitunga, Milango yako ingemwamkia nani?"

"Na mimi ningekuwa sikuiandika Milango, Kipimo chako kingemwambia nani? Kingepima maji kikajisimulia chenyewe!"

"Nimezaliwa kabla yako!"

"Kwa ushahidi gani? Wewe mama yako mwenyewe anasema ulizaliwa msimu wa maembe. Miembe inazaa mara mbili kwa mwaka!"

"Mabibi, Bondeni," akasema Waziri, na safari hii bila hotuba.

Kwenye kioo maji yalikuwa yanaruka ukingo kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Simuni mama akasema yuko juu ya kabati sasa, na meza imeelea imeenda zake. Alisema polepole, kama mtu anayenipa habari za jirani. Nikaigeukia kompyuta, nikaandika ule mstari kwa maneno yangu: Milango ikiamkie Kipimo. Nikauandika wote. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe kimoja. Kidole kilikuwa juu yake. Nilitaka tu nimtazame Bahiya kwanza, kidogo, nione kama na yeye labda anakaribia kulegea. Maana ingekuwa hasara, si ndiyo, niamkie mimi halafu nikute na yeye alikuwa ameshaamua.

Ndipo nikasikia mngurumo. Kwenye kioo milango ya bwawa ilikuwa inafunguka, yote, na maji yakageuka yakafuata mfereji wake kuelekea baharini.

Bahiya alikuwa ameshabonyeza. Alikuwa ameziba uso kwa viganja vyote viwili, analia.

*

Mama alipona. Bondeni walipona wote, wakabaki na matope na vyura vitandani. Tulisubiri Bahiya afungwe. Mimi nilimwombea, sitasema nilimwombea nini.

Mheshimiwa Mlezi akasikika redioni. Akasema amesikitishwa sana kusikia watu wanadhani kuamkia ni kujishusha. Yeye mwenyewe, akasema, ndiye mtu mnyenyekevu kuliko wote barani, na yeyote anayebisha ajitokeze. Akautangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Unyenyekevu. Bahiya akavishwa nishani kubwa kiasi cha kumlaza upande, na bwawa likapewa jina lake. Bwawa! Kwenye mabango wakamchora ameinamisha kichwa, na meno yanaonekana vilevile.

Haya, nimechoka kuficha. Ulikuwa wivu. Ulinijaa mpaka kooni. Kiyoyozi nilikionea uchungu nikasema ni umeme, zulia nikasema ni vumbi. Lakini sikujua kama mtu anaweza kumwonea mwenzake wivu kwa shikamoo. Ile shikamoo ilikuwa yangu! Nilikuwa nimeshaiandika! Ilikuwa imekaa pale kwenye kompyuta, nzima, imekosa kidole tu.

Nilikwenda Bondeni na unga na sabuni. Mama alikuwa anaanika godoro. Kabla hata sijakaa nikamwambia, "Mama, nilikuwa na kidole juu ya kitufe. Wallahi nilikuwa nabonyeza."

"Najua," akasema. Aliendelea kulipiga godoro kwa fimbo. "Nilikuwa sikioni mwako, Rukia. Nilikuwa nasikiliza. Nilikusikia unavyongoja."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata usingizi. Mwezi uliofuata alifunga sufuria zake, akahamia mlimani. Si kwangu. Kwangu kuna chumba, kuna kitanda cha chuma nilichomnunulia, pana hata dirisha la kutazama barabara. Alihamia kwa Bahiya. Majirani waliponiuliza niliwaambia anamsaidia kulea, ingawa Bahiya hana mtoto.

*

Ofisini, kwa kuwa unyenyekevu sasa unalipa, kila mtu aliushika. Bwana Chaurembo alitoa sifa zote kwenye programu zake akaweka maombi ya msamaha, na kompyuta ikajaa vilevile. Umri wa programu ukaanza kuporomoka. Nani tena alitaka kuwa mkubwa? Mkubwa jalala. Mdogo ndiye anayeamkia, na anayeamkia ndiye anayevishwa nishani.

Mimi nikawahi. Nikaishusha Milango mpaka miaka kumi. Bahiya akakishusha Kipimo mpaka mitano. Nikaifanya Milango ya mwaka mmoja, inayotambaa. Kipimo kikawa na wiki. Nikasema leo ndiyo leo, nikaipa Milango dakika moja tangu izaliwe, bado na kitovu. Nikavaa kanga mpya, nikapita mlangoni kwa Bahiya taratibu ili anione.

"Hongera, mwenzangu," akasema bila kuinua kichwa. "Kipimo bado kiko tumboni."

Nilisimama pale, ubaridi ukinipuliza vidole. Yaani hata katika kutozaliwa, mtu huyu kanitangulia! Nikarudi mezani, nikaandika ndani ya Milango: hata ikutane na nani, hata asiyezaliwa, Milango iamkie, na isikubali kamwe kuitikia. Baadaye nikasikia na yeye ameandika hivyohivyo. Wakalimani walisema nzuri zote mbili.

Nchi nzima ikajaa shikamoo. Treni iliiamkia stesheni, na stesheni ikaiamkia treni, na abiria wakashuka kwenda kununua mahindi. Benki ziliamkiana mpaka jioni zikafunga. Hakuna programu hata moja iliyosema marahaba, maana kusema marahaba ni kukiri kwamba wewe ni mkubwa, na aliyekiri ukubwa katika Mwaka wa Unyenyekevu alikuwa anaitwa kuhojiwa. Waziri Kandumbwa alisema bungeni kwamba ukimya unaosikika baada ya salamu ni ukimya wa heshima.

Na bwawani? Bwawani ilikuwa kiangazi. Milango iliamkia, Kipimo kikaamkia, na maji yalikuwa chini. Nilijua. Sitasema sikujua. Nilijua kwamba ningeondoa mstari mmoja tu, Milango ikasema marahaba, kila kitu kingekuwa salama. Lakini hapo Milango yangu ingekuwa kubwa na Kipimo cha Bahiya ndicho chenye adabu, na nishani ya mwaka ule ilikuwa bado haijatolewa.

Jana alasiri wingu lilitanda kutoka upande wa bwawa, jeusi tii. Nikaona nisiwe mtu mbaya, nikamtazame mama. Nikapanda mlimani mpaka kwa Bahiya, nikapiga hodi. Bahiya mwenyewe akafungua, ana unga mikononi. Harufu ya maandazi ya mama yangu ikatoka ndani ya nyumba ya mtu mwingine.

Tukatazamana. Nikaona anavuta pumzi, nami nikavuta haraka.

"Shikamoo!" tukasema wote kwa pamoja.

Mvua ikaanza kudondoka, matone mazito, moja moja, halafu yote. Nililowa kichwa, nililowa mabega. Yeye alisimama chini ya paa akiningojea niitikie, na mimi nilikuwa nikimngojea yeye, na hakuna aliyesogea.

Mama akatokea nyuma yake, ameshika mwiko. Akatutazama.

"Marahaba, wanangu," akasema. "Ingieni, mnalowa."

Kule Bondeni ving'ora vikaanza kulia, kimoja, halafu kingine. Huko bwawani hakuna mama wa kuitikia. Mmoja wetu alipaswa kukimbia kwenye kompyuta palepale, na ninajua wote wawili tulivisikia. Lakini mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, maji yananitiririka usoni, nawaza kitu kimoja tu: mama alipoitikia, alimtazama Bahiya kwanza.